Mwanasesere Hafi

Nilimpa mdogo wangu sura ya nne ya riwaya yangu aisome. Riwaya yenyewe haijachapishwa bado, na wenzangu wa kalamu mnajua maana yake: imo ndani ya kaunta buku tatu chini ya godoro. Katika sura hiyo nesi kijana anaingia wodini usiku wa manane, anamkuta mgonjwa anahema kwa taabu, anamshika kiganja, anamchoma sindano, mgonjwa anapata nafuu, macho yanakutana, mambo yanaanza. Nilijiona nimeandika.

Mdogo wangu yupo mwaka wa pili, chuo cha uuguzi na ukunga. Alisoma mpaka mwisho, akafunga daftari, akacheka.

"Kaka, huyu nesi wako hajanawa mikono."

Nikamwambia ile ni riwaya, siyo mtihani.

"Haya. Lakini hata jina la mgonjwa hajauliza. Faili hajafungua. Dawa gani, kiasi gani, inapita njia gani, hajui. Pumzi hajahesabu. Na akimaliza haandiki popote. Huyu kwetu stesheni hii ameshafeli kabla kengele haijalia."

Stesheni tena? Kengele? Nikadhani tumehamia TAZARA. Ndipo akaenda chumbani, akaniletea kitabu chake ambacho wenyewe wanakiita logibuku, jalada limeshaanza kukunjamana. Ndani hamna hadithi. Kuna majedwali: kazi, tarehe, wodi, mara ngapi umeangalia, mara ngapi umefanya ukisimamiwa, mara ngapi umefanya peke yako, sahihi ya msimamizi. Kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake. Kupima presha. Kufunga kidonda. Kuingiza mpira wa mkojo. Kuzalisha. Kila kazi ina mstari wake, na kila mstari unadai sahihi.

Hiyo ndiyo elimu wanayoiita ya umahiri. Hutoki chuoni kwa sababu umekaa miaka mitatu na umekariri vizuri. Unatoka kwa sababu umeonekana ukifanya.

Nisikudanganye, ndugu msomaji, kwamba nilianza kuchimba historia ya jambo hili kwa ajili ya riwaya tu. Kuna sababu nyingine, nayo ni ya nyumbani kwetu.

Mwaka 2016 dada yetu mkubwa alijifungua mtoto wa kiume katika hospitali ambayo sitaitaja. Mtoto alitoka hakulia. Dada anasema aliyekuwa naye pale ni nesi kijana, mpole, ambaye usiku kucha alikuwa akimsemesha vizuri na kumfuta jasho. Mtoto alipotoka kimya, nesi yule alisimama. Hakukimbia, hakufoka, alisimama tu, mtoto mikononi, midomo inataja kitu polepole kama mtu anayekariri. Dada alisikia neno moja: "kausha, kausha." Halafu akaita msaada. Mkubwa wake alikuwa wodi ya pili, na alipofika na ule mfuko wa kupumulishia dakika zilikuwa zimekwenda. Mtoto hatukuwahi hata kumpa jina.

Kumbe alijua. Mtoto mchanga asiyepumua unaanza kwa kumkausha, umsugue mgongo, umnyooshe shingo njia ya hewa ifunguke, asipopumua umpumulishe. Yule nesi alikuwa na somo lote kichwani na alikuwa na cheti. Mama alisema ni kazi ya Mungu, na watu wazima wakaitikia. Mdogo wangu, wakati huo yuko kidato cha pili, ndiye aliyeuliza: "Kama alijua, mbona hakufanya?" Akaambiwa anyamaze, wageni wapo. Miaka imepita naye amekwenda kujibu swali lake chuoni. Mimi nimelijibu kwa njia ninayoiweza, kwa kupekua vitabu.

Watu wengi wakisikia Florence Nightingale wanaona taa. Naomba taa tuiweke pembeni tuangalie karatasi, maana mama huyu alikuwa mtu wa karatasi na hesabu kuliko anavyochorwa. Alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, Novemba 1854, pamoja na wanawake 38, kuuguza askari wa Uingereza katika vita vya Krimea. Wananchi wakamchangia mfuko uliopita pauni 44,000, na mwaka 1860 fedha hizo zikafungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 15, na mafunzo yalikuwa ya mwaka mmoja.

Kila mwanafunzi alipewa karatasi yenye orodha ya mambo anayotakiwa kuwa hodari nayo. Nilipoisoma nilishtuka. Kufunga malengelenge, majeraha ya moto na vidonda. Kubandika ruba (naam, ruba, enzi hizo damu ilikuwa ikinyonywa kama dawa). Kumgeuza, kumsafisha na kumlisha mgonjwa asiyejiweza, na kumkinga asipate vidonda vya kulalia. Kuzungusha bandeji. Kutoa shuka mgonjwa akiwa kitandani. Kupika uji wa wagonjwa. Kuingiza hewa safi wodini. Halafu kipengele kirefu kuliko vyote: kumchunguza mgonjwa kwa makini, makohozi yake, mapigo yake, ngozi, hamu ya kula, akili zake kama zimetulia au anaweweseka, pumzi, usingizi, kidonda kinaendeleaje, dawa imemfanya nini.

Wakati huohuo matroni wa hospitali, Bibi Wardroper, alikuwa na rejista yake. Upande mmoja tabia: ukweli, utulivu, usafi, kuwahi kazini. Upande mwingine kazi zile za orodha. Kila kimoja kilipewa alama, kuanzia bora kabisa hadi wastani, pungufu, na sifuri. Sasa weka rejista ile kando ya logibuku ya mdogo wangu. Ruba zimetoka, presha imeingia, uji umebaki kwa ndugu wa mgonjwa wanaokuja na hotpoti. Mifupa ni ileile. Wanaosema elimu ya umahiri ni kitu cha jana kilichokuja na wafadhili hawajaiona karatasi hii, iliyopita miaka 160.

Lakini orodha peke yake haifundishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Nightingale mwenyewe aligundua, kwa uchungu, kwamba daktari aliyepewa kazi ya kuwafundisha wasichana wale alikuwa ameipuuza, mihadhara ilikuwa haifanyiki ipasavyo, na mabinti walikuwa wakifyonzwa na kazi za wodi tu. Rejista zilikuwa zinajazwa. Mafunzo yenyewe yalikuwa wapi?

Na hapo ndipo ugonjwa mkubwa wa mafunzo ya unesi ulipoanzia, ukaenea kila shule ilipokwenda. Hospitali zilibaini kuwa mwanafunzi ni kibarua wa bei nafuu. Anasafisha, anabeba, analala hapohapo, hadai mshahara wa maana. Marekani jambo hili lilifika mahali likaundiwa kamati, na taarifa yake iliyotoka mwaka 1923, inayojulikana kwa jina la katibu wake Josephine Goldmark, ilisema waziwazi kwamba shule za wauguzi zilizo chini ya hospitali zilikuwa zinaweka mahitaji ya wodi mbele na elimu nyuma. Mwanafunzi anaweza kukaa wodi moja miezi kwa sababu wodi ina upungufu, siyo kwa sababu kuna jambo bado hajajifunza. Ukiongea na wanafunzi wa uuguzi wa leo, mjini au wilayani, uwaulize habari hiyo. Watacheka kwanza.

Katikati ya hayo kuna mtu mmoja ninayempenda sana katika historia hii, naye siyo daktari wala nesi. Ni mtengeneza wanasesere. Martha Jenkins Chase wa Pawtucket, katika jimbo la Rhode Island, alikuwa akishona wanasesere wa watoto kuchezea. Mkuu wa shule ya wauguzi ya hospitali ya Hartford, Lauder Sutherland, akamwomba amtengenezee mmoja mkubwa, urefu wa mtu mzima, viungo vinavyokunjika. Akatengenezwa mwaka 1911. Wakamwita Bibi Chase. Wasichana wakamwogesha, wakamgeuza, wakamvalisha, wakamtandikia. Baadaye akaboreshwa, akawekewa mkono unaochomeka sindano na chombo ndani ya tumbo ili wajifunze kutumia mipira bila kumwumiza mtu.

Fikiria kabla ya hapo. Sindano ya kwanza ya kila nesi duniani ilikuwa ndani ya nyama ya mtu, na huyo mtu kwa kawaida alikuwa maskini, kwa sababu wenye uwezo walikuwa wakiuguziwa majumbani. Bibi Chase alizipokea sindano hizo kwa niaba yao.

Mwanasesere wa pili maarufu naye alitoka kiwandani kwa michezo ya watoto. Asmund Laerdal wa Stavanger, Norway, alikuwa akitengeneza midoli. Mwaka 1960 akatoa Resusci Anne, wa kujifunzia kumpulizia hewa na kumrudisha mtu aliyekata pumzi. Kampuni hiyohiyo, miaka hamsini baadaye, ilitoa kichanga cha plastiki kiitwacho NeoNatalie. Unamjaza maji lita mbili anakuwa na uzito wa mtoto aliyezaliwa sasa hivi, shingo inalegea vilevile, kifua kinapanda ukimpumulisha sawasawa na hakipandi ukikosea. Huyu tutakutana naye tena, tena hapa Tanzania.

Sasa twende haraka kidogo, maana kuna miongo imejaa vikao.

Mwaka 1975 daktari wa Scotland, Ronald Harden wa Dundee, na wenzake walichapisha aina mpya ya mtihani. Zamani mtahiniwa alipangiwa mgonjwa mmoja na msahihishaji mmoja, na bahati yake ikaamua: ukipata mgonjwa mgumu na mzee mwenye hasira, basi tena. Harden akapanga vituo. Kila kituo kina kazi moja, dakika chache, na mtu mwenye orodha ya hatua anaweka alama. Kengele ikilia unahama. Ndizo stesheni za mdogo wangu! Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu kuhusu mitaala inayojengwa juu ya umahiri, hoja yake ikiwa kwamba uanze kwa kuuliza jamii hii inaumwa nini na mhudumu anatakiwa kufanya nini, ndipo upange masomo. Usianze na masomo ukatafuta kazi baadaye. Na mwaka 1990 Mmarekani George Miller akachora piramidi yenye ngazi nne: anajua, anajua inavyofanywa, anaonyesha, anatenda.

Nilipoiona piramidi hiyo nilimkumbuka nesi wa dada. Alikuwa ngazi ya pili, na pengine kwenye chumba cha mtihani alishafika ya tatu. Ya nne ndiyo iliyomgomea.

Lakini wapo waliojaribu kwenda njia nyingine. Uingereza, nyumbani kwa Nightingale, mwaka 1986 ilipendekeza mpango ulioitwa Project 2000: mwanafunzi wa unesi asiwe tena kibarua wa wodi, aende elimu ya juu, awe mwanafunzi kweli. Ukisoma yale ya Goldmark huwezi kuwalaumu. Hata hivyo, mwaka 1999 tume iliyoongozwa na Leonard Peach ilikuja na habari kwamba wahitimu wapya wanaingia wodini wakiwa na upungufu wa ujuzi wa mikono, na ikataka mafunzo yapimwe kwa umahiri na mazoezi yarefushwe. Miaka kumi na tatu tu! Umemtoa binti kwenye ukibarua ukampeleka kwenye kitabu, kisha ukagundua mikono umeisahau kule wodini.

Mwenye neno zuri kuliko wote, kwangu mimi, ni Patricia Benner wa Marekani, nesi aliyeandika kitabu mwaka 1984 baada ya kuwasikiliza manesi wenyewe wakisimulia kazi zao. (Waandishi, sikieni: aliwasikiliza wakisimulia.) Alichukua mawazo ya ndugu wawili, Stuart na Hubert Dreyfus, waliokuwa wamechunguza wacheza sataranji na marubani, akasema nesi naye hupita hatua tano. Mimi nazitafsiri hivi: mwanagenzi, mzoefu mchanga, mahiri, stadi, bingwa. Mwanagenzi anafuata kanuni kwa sababu hana kingine cha kufuata. Bingwa anaingia wodini, anatupa jicho, anakwambia "yule wa kitanda cha sita simpendi alivyo," na kweli usiku mgonjwa anabadilika. Na huyo wa katikati, mahiri, Benner anasema kwa kawaida ni mtu aliyekaa katika kazi hiyohiyo miaka miwili mitatu.

Soma tena. Miaka miwili mitatu kazini, ndipo mahiri. Sisi tunaliandika neno umahiri kwenye mtaala wa mtu ambaye hajaanza kazi.

Hapa kwetu neno hilo liliingia kwa mlango wa sheria. Mwaka 1997 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, NACTE, ambalo leo linaitwa NACTVET. Vyuo vya kati, vya afya vikiwamo, vikapangwa katika ngazi za tuzo zinazohesabiwa kwa namba. Uuguzi na ukunga una astashahada yake ngazi ya 5 na stashahada ngazi ya 6. Kila somo likatakiwa liseme wazi mwanafunzi ataweza kufanya nini akimaliza. Chuo Kikuu cha Muhimbili nacho kilizindua mitaala ya umahiri kwa fani zake zote za afya mwaka 2011. Karatasi zikawa nzuri.

Nasema karatasi kwa sababu nina uzoefu nazo. Mtaala wa sekondari Tanzania ulibadilishwa kuwa wa umahiri mwaka 2005, kwa hiyo mimi ni zao la umahiri, tangu kidato cha kwanza! Kemia niliisoma ubaoni. Bureti niliichora vizuri sana, na rangi nikapaka, lakini sijawahi kuishika. Mwalimu wetu hakuwa mvivu. Tulikuwa wengi, maabara ilikuwa chumba chenye kufuli. Mtaala ulisema nitaweza kupima, nami nilifaulu swali la kupima, na mpaka leo sijapima kitu.

Mdogo wangu ananiambia na kwao mambo yanafanana. Kitanda kimoja, mgonjwa mmoja, wanafunzi kumi wa vyuo vitatu wamekizunguka, wa nyuma wanaona migongo. Msimamizi ana wodi nzima ya kuangalia. Jioni logibuku zinapangwa mezani, na wapo wanaosainiwa mistari kwa mkupuo, kazi waliyoiona mara moja kwa mbali. Namwelewa anayesaini, amechoka, na mwanafunzi anatakiwa aende rikizo. Bibi Wardroper angewaelewa pia.

Sasa nakuja Haydom.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ipo Mbulu, mkoa wa Manyara, mbali na lami za wakubwa. Mwaka 2010 ulitoka mpango wa kimataifa wa kufundisha wahudumu kumsaidia mtoto mchanga apumue, ukisisitiza dakika ya dhahabu: ndani ya dakika moja baada ya kuzaliwa mtoto awe anapumua au awe anapumulishwa. Kifaa chake kikuu ni yule kichanga wa maji lita mbili. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo kuuchukua, na utafiti uliotolewa mwaka 2013 kutoka hospitali 8 za nchini, wazazi zaidi ya 80,000, ulionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kwa asilimia 47. Soma hiyo namba polepole. Ni karibu nusu.

Lakini Haydom walikuwa na kitu cha ziada. Walikuwa na watu wa kutazama, saa mkononi, wanaoandika kila mtoto amefanyiwa nini tangu anatoka. Wahudumu wakapewa kozi ya siku moja. Miezi saba baadaye wakapimwa kwa mwanasesere. Waliofaulu zoezi la kumpumulisha walikuwa wamepanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Ushindi, siyo? Ndipo wakafungua daftari za wale watazamaji. Kwa watoto wenyewe, wa nyama na damu, waliopumulishwa hawakubadilika idadi. Kusugua mgongo kulipungua badala ya kuongezeka. Matokeo hayo nayo yalichapishwa mwaka 2013, na mimi nawavulia kofia kwa kuyachapisha, maana yalikuwa yanawasema wao wenyewe.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Swali la mdogo wangu, lililonyamazishwa mbele ya wageni, limepimwa Manyara kwa saa na kalamu. Kama alijua, mbona hakufanya? Kwa sababu mwanasesere hafi. Mbele ya mwanasesere mikono haitetemeki, mama wa mtoto hayupo akikuangalia, na ukikosea unamwaga maji unaanza upya. Kufaulu kwake ni kufaulu kweli, ila ni kwa chumba kile.

Haydom hawakuwatupa wanasesere. Waliwahamisha. Kichanga wa plastiki akawekwa pale wodini wanapozalishia, na badala ya kozi ya siku moja kukawa na vijizoezi vya dakika tatu hadi tano kila wiki, na zoezi refu kidogo, dakika 40, kila mwezi. Mtu anaingia zamu, anamshika, anamkausha, anamsugua, anapuliza, anaendelea na kazi. Taarifa ya mwaka 2015 ilieleza kilichotokea: watoto waliosuguliwa na kusafishwa njia ya hewa waliongezeka, waliohitaji kupumulishwa wakapungua, na vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11 na kidogo katika kila watoto 1,000 hadi 7. Hakuna mashine mpya. Ni dakika tano, tena na tena, palepale ambapo mtoto atazaliwa.

Kwa hiyo nikiulizwa kama elimu hii ya umahiri inamwandaa mwanafunzi kwa wodi, nasema inamwandaa kadiri kurudia kunavyoruhusiwa. Orodha inamwambia afanye nini. Stesheni inamwondolea bahati mbaya ya mtahini. Logibuku inamlazimisha aguse. Lakini siku moja ya mwanasesere na sahihi ya jioni zinamfikisha pale alipofika yule nesi mpole: midomo inataja, mikono inasubiri. Simchukii tena. Zamani nilikuwa nikimwandika ndani ya riwaya kama mtu mbaya, nimemfuta. Najiuliza tu ni mara ngapi walimpa yule mwanasesere kabla ya kumpa mtoto wa dada, na kama palikuwa na mtu mkubwa karibu yake, hatua tatu siyo wodi ya pili.

Wiki iliyopita mdogo wangu alikuwa anafunga mabegi. Jumatatu anaanza zamu ya wodi ya wazazi. Nikaikuta logibuku mezani, imefunguka ukurasa wa ukunga. Mistari mingi imejaa. Mmoja, ule wa kumpumulisha mtoto mchanga, ameangalia mara mbili, kwa mwanasesere amefanya mara nyingi hadi alama zimetoka nje ya kisanduku, na sehemu ya kufanya mwenyewe ni tupu.

"Wenzako wameshajaza?" nikamuuliza.

"Wapo waliojaziwa. Hata mimi niliambiwa niilete tu isainiwe."

"Ukasemaje?"

Hakunijibu hilo. Alisema, "Ili mstari huu ujae, kaka, lazima mtoto wa mtu azaliwe kimya."

Kisha akachukua chupa ya maji ya lita mbili, akaijaza, akaifunga khanga ya mama, akaiweka juu ya meza ya kulia. Akanipa simu yenye saa. Dada alikuwa amekuja kututembelea, amesimama mlangoni na kikombe cha chai, na sikujua kama nianze au nimsubiri aondoke. Hakuondoka. Aliweka kikombe juu ya friji, akaninyang'anya simu.

"Lete," alisema. "Nitahesabu mimi."

Akahesabu kwa sauti mpaka sitini, akamwambia rudia.